Somo la Chama: Kelele na Mtetemeko Baada ya Kuhamisha Matairi



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua sana madereva, utingo na mafundi, na ambalo huwagusa pia wenzetu wote wanaobebwa na magari ya kazi kwenda viwandani na mashambani. Jambo lenyewe ni hili. Gari linapelekwa gereji, matairi yanahamishwa: ya nyuma yanawekwa mbele na ya mbele yanawekwa nyuma. Gari linatoka gereji, na siku hiyo hiyo linaanza kuvuma, kugonga au kutetema, hali asubuhi yake lilikuwa kimya.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Dereva husema fundi ameliharibu gari. Fundi husema matairi ni mabovu. Msimamizi husema hakuna neno, peleka gari, kazi inangoja. Na wale waliokaa nyuma hawaulizwi kitu, ingawa ndio wengi na roho zao ndizo ziko juu ya magurudumu hayo manne. Mwisho wa mwezi, gharama ya tengenezo hutafutiwa mtu wa kuilipa, na aghalabu mtu huyo ni dereva.

Sisi wa upande huu wa Mbuya tunaijua habari hii. Chini ya kilima chetu liko eneo la viwanda la Nakawa, na barabara ya Jinja hupita hapo ikielekea Banda, Kireka, Mukono na Lugazi kwenye mashamba ya miwa, mpaka Jinja yenyewe, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Kampala. Magari ya kazi hupita hapo usiku na mchana. Tumeandika somo hili ili kila tawi liweze kulisoma kwa pamoja, na ili mfanyakazi asiyejua gari naye aweze kuuliza maswali ya maana.

1. KWA NINI MATAIRI HUHAMISHWA

Tairi la mbele na tairi la nyuma hazifanyi kazi moja. La mbele ndilo linalopinda kona, na gari linapofunga breki uzito mwingi hulielemea. Kwa hiyo huliwa zaidi pembeni. Tairi linalosukumwa na injini nalo huliwa kwa namna yake, kwa kuwa ndilo linalokwaruzana na barabara gari linapoondoka. Tukiyaacha mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, mawili yatakuwa kipara wakati mawili mengine yangali na meno. Ili yaishe sawasawa, watengenezaji wengi wa magari madogo hushauri matairi yahamishwe kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000.

Kwa gari ambalo injini husukuma magurudumu ya nyuma, desturi ni kwamba matairi ya nyuma huja mbele moja kwa moja upande wake, na ya mbele huenda nyuma kwa kuvuka: la kulia huenda kushoto, la kushoto huenda kulia. Kwa gari ambalo injini huvuta magurudumu ya mbele, mambo ni kinyume chake: ya mbele hurudi nyuma moja kwa moja, na ya nyuma huja mbele kwa kuvuka.

Wazee wetu wa gereji watasema kwamba walifundishwa kutovusha kabisa tairi la radial kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ni kweli, hivyo ndivyo mafundi wengi walivyoambiwa katika miaka ya 1970. Matairi ya radial ya siku hizi huruhusiwa kuvuka, isipokuwa yale yenye mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzungukia. Hayo hubaki upande wake, yakahama kutoka mbele kwenda nyuma tu.

2. KANUNI YA KUSHIKA

Kuhamisha matairi si kuyabadili kuwa mapya. Tairi linachukua tabia yake yote na kwenda nayo mahali papya. Kama lilikuwa limeliwa vibaya nyuma, huko lilikuwa likivuma mbali na masikio ya dereva, na mtetemeko wake ulikuwa ukiishia chini ya viti. Likiletwa mbele, linavuma chini ya miguu yake na kuutikisa usukani alioushika mikononi. Ubovu haukuzaliwa siku ile. Umehamia mahali unapoonekana.

Kwa hiyo tushike kanuni hii: kelele inayofuata tairi ni ya tairi, kelele inayobaki pale pale matairi yakihamishwa tena ni ya gari. Na ikiwa kelele haikuwapo kabisa kabla ya kazi ya gereji, wala haifuati tairi lolote, basi tutazame kile kilichoguswa na mkono wa fundi: nati, rimu, habu, na bati linalokinga breki.

3. NATI KWANZA

Kabla ya kusikiliza, kabla ya kubishana, gari lisimamishwe na nati zitazamwe. Sababu zote nyingine za kelele zinaweza kungoja saa moja. Nati iliyolegea haingoji, kwa maana gurudumu linaweza kung'oka na gari likiwa njiani.

Dalili za nati zilizolegea ni hizi: mlio wa kugonga au kubofya gari linapokwenda polepole, hasa kwenye kona, gari kuyumba kama lina ulevi, michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati, na chuma kinachong'aa kuzunguka tundu la rimu. Ukiona tundu limekuwa na umbo la yai, rimu hiyo imekwisha. Isikazwe tena, itupwe.

Kazi ya kukaza hufanywa hivi:

(a) Gari liwe mahali tambarare. Katika vilima vyetu hili husahauliwa. Usipandishe gari kwa jeki kwenye mteremko, na hata kwenye tambarare weka jiwe au gogo mbele na nyuma ya gurudumu linalobaki chini.

(b) Uso wa rimu na uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya waya. Kutu, rangi nene, matope au changarawe ikibanwa katikati, gurudumu halikai sawa. Leo nati zitaonekana zimekaza. Kesho ule uchafu utasagika, nafasi itabaki, na nati zitalegea zenyewe.

(c) Nati zianzwe kwa mkono, kisha zikazwe kwa spana kwa kuruka, moja na ile inayoelekeana nayo, kama mtu anayechora nyota. Ukizungusha moja baada ya jirani yake, rimu hukaa upande. Breki ya diski pia inaweza kupinda kidogo, na baadaye utasikia mtetemeko unapokanyaga breki.

(d) Gari lishushwe, ndipo zikazwe mara ya mwisho kwa spana ya kipimo, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Kuna utingo anayetia bomba refu kwenye spana na kulirukia kwa miguu. Nguvu hiyo huivuta studi mpaka ikachoka, na studi iliyochoka hukatika barabarani.

(e) Baada ya kwenda kilomita 50 hadi 100, nati zikazwe tena. Jambo hili halionyeshi kwamba fundi hajui kazi. Ndivyo chuma kilivyo: kikishabanwa na kutembea, hujipanga.

Yako mambo mawili zaidi kuhusu nati. La kwanza, nati ya rimu ya chuma na nati ya rimu ya aluminiamu huenda zisilingane kwa umbo la kitako chake. Zikichanganywa, zinakaza bila kukamata. La pili, malori mengi ya zamani, ya Kiingereza na ya Kijapani, yana studi za upande wa kushoto zinazokazwa kwa kuzungusha kushoto. Aghalabu mwisho wa studi hupigwa alama ya L. Utingo mgeni anaweza kulegeza akidhani anakaza. Afundishwe siku ya kwanza.

4. MASWALI MATANO YA KUULIZA

Nati zikiwa salama, sasa tusikilize. Dereva asiseme tu kwamba gari lina kelele. Mgonjwa akimwambia daktari kwamba anaumwa tu, daktari hana pa kuanzia. Dereva ajibu maswali haya matano, na utingo ayaandike:

Kwanza: ilianza lini? Kabla ya kuhamisha matairi, mara tu baada yake, au baada ya siku kadhaa?

Pili: huja kwa mwendo gani? Polepole, au ikifika kilomita 80 kwa saa? Je, mwendo ukiongezwa huisha au huzidi?

Tatu: husikika wapi? Kwenye usukani, au kwenye kiti na sakafu? Usukani ukitetema, tafuta mbele. Kiti kikitetema na usukani umetulia, tafuta nyuma.

Nne: hubadilika lami ikibadilika? Mvumo wa tairi hubadilika ukitoka kwenye lami laini kuingia lami yenye kokoto au barabara ya murramu. Mvumo wa beringi hauijali barabara.

Tano: hubadilika ukipinda kona, au ukikanyaga breki?

Wanaokaa nyuma waulizwe pia. Mwenzetu aliyekaa juu ya gurudumu la nyuma kwa miezi sita anaujua mlio wake kuliko fundi mkuu.

5. MILIO NA MAANA YAKE

Mvumo unaopanda pamoja na mwendo. Aghalabu ni tairi lililoliwa kwa mawimbi. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda mbele na kurudi nyuma, gari likiwa limesimama. Kama upande mmoja ni laini na upande wa pili unakwaruza kama msumeno, au kama kuna mabonde na matuta, umempata. Tairi lililoota meno ya msumeno kidogo linaweza kutulia baada ya kutembea mahali papya. Lenye mabonde makubwa halitatulia. Na jiulize ni nini kililitia mabonde: mara nyingi ni shokabsoba iliyokufa, au beringi iliyolegea, au alaimenti mbovu. Ukibadili tairi ukaacha sababu, utanunua tairi jingine.

Usukani kutetema kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa. Hapo mara nyingi ni uzani wa gurudumu. Gurudumu lisilo na uzani sawa hupiga kama jiwe lililofungwa kwenye kamba. Lilipokuwa nyuma, dereva hakulisikia. Tazama kama vile vyuma vidogo vya balansi vimedondoka kwenye rimu. Kwa sisi tunaopita njia za mashamba, tazama kwanza matope yaliyokauka ndani ya rimu. Tope la ukubwa wa ngumi linatosha kutikisa gari zima. Likwangue, lioshe, ujaribu tena kabla ya kulipia mashine ya balansi.

Kudundadunda na usukani kuchezacheza kwa mwendo mdogo, kama kilomita 20 au 30 kwa saa. Hili ni jambo la hatari. Huenda tabaka za ndani za tairi zimeachana, au tairi limeota nundu. Tafuta uvimbe ubavuni au juu ya meno. Tairi la namna hiyo lisipewe nafasi nyingine yoyote, mbele wala nyuma. Litolewe siku hiyo hiyo, kwa maana linaweza kupasuka wakati wowote.

Ta-ta-ta inayokwenda haraka mwendo ukiongezwa. Pengine ni jiwe lililonasa kwenye meno ya tairi, au msumari. Ni dawa ya dakika moja, lakini msumari using'olewe porini kama huna tairi la akiba.

Kukwaruza kwa chuma. Jeki au mkono wa fundi huenda umelipinda bati jembamba linalokinga breki, sasa linaigusa diski. Hurudishwa kwa kulikunja kidogo. Ikiwa kukwaruza kunazidi ukifunga breki, kagua vitambaa vya breki vyenyewe.

Gari kuvuta upande mmoja. Pima upepo kwanza. Magari mengi hutaka upepo wa kiasi mbalimbali mbele na nyuma, na matairi yakihamishwa bila kupimwa, kila moja limebeba upepo wa mahali lilikotoka. Kiasi cha haki kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Nambari iliyo ubavuni mwa tairi ni ya upeo, si ya matumizi ya kila siku. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Kama upepo uko sawa na bado linavuta, badilishaneni matairi mawili ya mbele, kulia na kushoto, kama hayana mshale. Likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Likiendelea kuvuta upande ule ule, tazama alaimenti na breki.

6. TAIRI AU BERINGI?

Makosa mengi ya gharama hutokea hapa. Mvumo wa tairi na mvumo wa beringi ni ndugu wa tumbo moja, na gereji nyingi zimebadilisha beringi nzima kwa sababu ya tairi la mawimbi.

Jaribio ni hili. Mahali penye nafasi na usalama, gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida, dereva apinde kidogo kushoto, kisha kidogo kulia. Gari likipinda kushoto, uzito huelemea upande wa kulia. Ikiwa mvumo huzidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa. Likipinda kulia mvumo ukazidi, mshuku wa kushoto. Mvumo usiobadilika kwenye kona, bali hubadilika kwa aina ya lami, ni wa tairi.

Kisha gari lipandishwe kwa jeki na kuwekewa vigingi vya chuma. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, halafu kulia na kushoto. Likicheza juu na chini, tazama beringi au boljointi. Likicheza kulia na kushoto tu, tazama viungo vya usukani. Mwisho lizungushe kwa mkono, na mkono mwingine uwe kwenye springi. Beringi iliyokwisha utaihisi ikisaga hata kama sikio halisikii.

7. JARIBIO LA KURUDISHA

Kama bado hamkubaliani, liko jaribio ambalo humaliza ubishi, na gharama yake ni chokaa na jasho tu. Andikeni kwenye kila tairi mahali lilipo sasa: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Kisha yarudisheni yalikokuwa kabla ya kuhamishwa, nati zikazwe vizuri, gari litembezwe barabara ile ile kwa mwendo ule ule.

Mtetemeko ukihama kutoka usukani kwenda kiti, kosa ni la gurudumu lililohama. Ukibaki pale pale, tairi halina hatia, tafuteni kwenye gari. Ukiisha kabisa, huenda gurudumu halikuwa limekaa sawa mara ya kwanza. Hapo tazameni kutu na uchafu kwenye habu.

Mkiwa chini hapo, someni pia umri wa tairi. Ubavuni kuna nambari nne za mwisho wa mfululizo unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2317 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na mpira wake ukawa umekauka na kupasukapasuka.

8. MFANO MMOJA

Katika kiwanda kimoja chini ya kilima chetu lilikuwapo gari la kubeba abiria 14, lililochukua wenzetu wa zamu ya usiku kuwapeleka makwao. Matairi yakahamishwa. Jioni ile usukani ukaanza kutetema, na mvumo ukawa mkubwa hata abiria wakawa wanapigiana kelele kuzungumza. Msimamizi akasema dereva amelipiga gari kwenye shimo, na kwamba matairi mawili mapya yatakatwa kwenye mshahara wake.

Tawi likatuita. Hatukuanza kwa kugomba. Tuliomba saa mbili na jeki. Nati zilikuwa salama. Rimu mbili zilizotoka nyuma zilikuwa na matope makavu ndani yake. Yakakwanguliwa, na mtetemeko ukapungua, lakini mvumo ukabaki. Tukapitisha kiganja kwenye tairi la mbele kushoto: mabonde na matuta pande zote. Shimo la barabarani haliwezi kufanya hivyo. Shimo hupinda rimu au hupasua ubavu mahali pamoja. Mabonde ya kuzunguka tairi zima ni kazi ya miezi mingi.

Tukauliza: tairi hili lilikuwa wapi? Nyuma kushoto. Tukainama kutazama shokabsoba ya nyuma kushoto. Ilikuwa imelowa mafuta, imekufa. Ndipo dereva alipoleta daftari la gari. Miezi mitatu nyuma, kwa mkono wake, alikuwa ameandika tarehe na maneno haya machache: shokabsoba ya nyuma kushoto inavuja. Msimamizi mwenyewe alikuwa ametia sahihi chini yake.

Makato yakafutwa, na shokabsoba ikanunuliwa pamoja na matairi. Dereva yule hakuokolewa na maneno yetu matamu. Aliokolewa na mstari mmoja wa kalamu, na ujuzi wa kujua tairi limetoka wapi.

9. HAKI NA WAJIBU WETU

Mtu anaweza kuuliza, chama cha wafanyakazi kina habari gani na matairi? Jibu ni kwamba gari la kazi ni mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, iliyotungwa Uganda mwaka 2006, humpa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na inataja wajumbe wa usalama na kamati za usalama. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo imeweka mipaka juu ya makato ya mshahara, kwa hiyo msimamizi hawezi kukata anavyopenda.

Huko nje pia kuna msimamo. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi mwenye sababu ya haki ya kuamini kuwa kazi ina hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha au afya yake, naye akajitoa katika kazi hiyo, alindwe asipatwe na madhara yasiyostahili. Unasema pia kwamba aitoe habari mara moja kwa msimamizi wake, na kwamba asilazimishwe kuirudia hali hiyo mpaka mwajiri atakapokuwa amechukua hatua inayohitajika. Mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika hilo uliuweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi ambazo nchi zote wanachama zinapaswa kuziheshimu. Uganda ni mwanachama tangu mwaka 1963.

Lakini tazameni maneno yale: sababu ya haki ya kuamini. Dereva anayesema gari lina kelele tu, atapuuzwa. Dereva anayesema kwamba gurudumu la nyuma kulia linagonga kwa mwendo mdogo, michirizi ya kutu imetoka kwenye nati mbili, na tundu moja limekuwa kama yai, huyo ana sababu, na hakuna msimamizi mwenye akili atakayemwambia aendeshe. Ujuzi huu ndio unaoipa haki miguu ya kusimamia.

Nasi tuna wajibu. Tusiache gari zima kwa uvivu tukasingizia usalama. Tusimsingizie fundi kabla ya kupima. Fundi naye ni mfanyakazi, na mara nyingi hupewa dakika kumi kwa kazi ya saa nzima, bila brashi ya waya wala spana ya kipimo. Tawi likidai vifaa vya gereji, linadai usalama wa kila anayebebwa.

Kwa hiyo tunashauri kila tawi lenye magari lifanye mambo manne: liwe na daftari moja kwa kila gari, lenye tarehe, kilomita na sahihi mbili, tairi likihamishwa, liandikwe lilikotoka na lilikokwenda, aandikwe pia mtu aliyekaza nati mara ya pili baada ya kilomita 50 hadi 100, na mjumbe wa usalama awaulize wanaobebwa, mara moja kwa wiki, wamesikia nini.

10. MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

(1) Je, gari linalotubeba lina daftari? Nani hulitunza, nani hutia sahihi?

(2) Gari limetoka kuhamishwa matairi na sasa linavuma. Mvumo hauzidi kwenye kona, bali hupungua kwenye lami laini. Mnashuku nini? Mtathibitishaje?

(3) Kwa nini nati hutazamwa kabla ya jambo lingine lolote?

(4) Msimamizi anataka kumkata dereva fedha za tairi lenye mabonde. Mtauliza maswali gani, na mtataka kuona nini?

(5) Gereji yetu ina spana ya kipimo? Kama haina, ni nani atakayeipeleka habari hiyo kwenye kamati ya usalama, na lini?

Majibu ya swali la tano yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la mtu aliyepewa kazi hiyo na tarehe ya kuleta jibu.